Chombo cha Umeme Hakikohoi: Somo la Matunzo ya Pikipiki na Bajaji za Betri

Pikipiki ya petroli inapougua, hukohoa. Hutoa moshi, hugoma kuwaka asubuhi, na sauti ya injini hubadilika hata abiria akaitambua. Dereva aliyekaa kijiweni miaka mitano huijua homa ya pikipiki yake kabla fundi hajaifungua. Chombo kinachotumia umeme hakina tabia hiyo. Mota yake huzunguka kimya siku kilipotoka dukani, na huzunguka kimya vilevile siku betri ilipobakiwa na nusu ya uwezo wake. Mwenye chombo cha namna hii hana budi kujifunza kusoma dalili za aina nyingine, nazo ndizo zinazoelezwa katika somo hili.

Kwa wakazi wa wilaya yetu, jambo hili lina uzito wa pekee. Barabara kuu iendayo Zambia hukata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, na ndani ya kipande hicho hakuna nyumba ya kuombea chaji. Wenye njia ni tembo, nyati na simba. Dereva anayeamini kuwa betri yake ingali inampa kilomita zilezile za mwaka jana anaweza kugundua ukweli mahali pabaya sana, tena jioni. Upo pia upande wa fedha. Betri ndiyo sehemu ya thamani kubwa katika chombo. Kikundi cha wanawake, vijana au watu wenye ulemavu kilichonunua bajaji kwa mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hurejesha mkopo huo bila riba, lakini marejesho hayasubiri betri ipone.

Dawa ya kwanza ni daftari. Kila unapochaji, andika kilomita ulizotembea tangu chaji iliyopita na yuniti zilizokatwa kwenye LUKU, ukichagua saa ambazo matumizi mengine ya nyumbani ni madogo. Tuchukue bajaji yenye betri tano za volti 12, kila moja ikiwa ya ampea-saa 100. Zikiunganishwa kwa mfuatano hutoa volti 60. Zidisha kwa 100, utapata wati-saa 6,000, yaani yuniti 6. Kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea kama joto, LUKU itakata yuniti 7 au 8 kujaza betri zilizokwisha kabisa.

Baada ya miezi michache daftari litaanza kuzungumza. Ikiwa kilomita zinapungua na yuniti za kujaza nazo zinapungua kwa kiasi kilekile, betri zinapoteza uwezo wa kuhifadhi umeme. Ikiwa kilomita zinapungua lakini yuniti zimebaki palepale, usikimbilie kununua betri. Yaelekea kuna kitu kinachokula nguvu njiani: tairi lenye upepo mdogo, breki inayoshika gurudumu muda wote, beringi iliyochakaa, au mizigo iliyozidi. Wapo wanaobadilisha betri nzima kwa sababu ya tatizo ambalo pampu ya upepo ingelimaliza. Kwa desturi ya watengenezaji, betri iliyobakiwa na asilimia 80 ya uwezo wa awali huhesabiwa kuwa inakaribia mwisho wa kazi ya barabarani. Kwa hiyo chombo kilichokuwa kikitembea kilomita 80 kikianza kuishia 64 kwa mzigo uleule, anza kuweka akiba.

Tukiwa bado kwenye LUKU, familia zilizo katika daraja la matumizi madogo, lenye kikomo cha yuniti 75 kwa mwezi, zijue kwamba bajaji inayokula yuniti 7 kila siku huvuka kikomo hicho peke yake kabla ya wiki mbili. Hesabu hiyo ifanyike kabla ya kununua chombo.

Betri zenyewe ni za aina mbili, na matunzo yake yanapingana. Betri za risasi, ambazo ni nzito na za bei nafuu, huchukia kukaa na njaa. Zikiachwa bila chaji hata siku chache, chembechembe ngumu huota kwenye bamba zake, nazo haziondoki tena kirahisi. Zijazwe kila jioni, hata kama zimetumika nusu tu. Zile zenye vifuniko vya kufunguliwa zikaguliwe kina cha maji angalau kila baada ya wiki mbili, na zaidi wakati wa joto, na maji yaongezwe baada ya kuchaji ili yasifurike. Yanayoongezwa ni maji yaliyokenekwa, yauzwayo kwa chupa. Si tindikali, si ya mvua, wala si ya Mkondoa. Kila mwezi fundi apime kila betri peke yake baada ya kupumzika saa kadhaa. Iliyojaa husoma karibu volti 12.7. Ikionekana moja iko nyuma ya wenzake kwa volti 0.3 au zaidi, hiyo ndiyo inayowavuta wote. Kuchanganya betri mpya na kuukuu ni kuizeesha mpya.

Betri ya lithiamu haihitaji maji, na haipendi kupitiliza. Huishi zaidi ikitumika kati ya asilimia 20 na 90, na chombo kikiwekwa wiki nyingi bila kazi, iachwe karibu na nusu. Adui wake mkubwa ni joto. Dereva anayetoka juani Kimamba saa nane mchana aipumzishe kivulini nusu saa kabla ya kuchomeka chaja. Kifuniko chake kisifunguliwe na fundi wa mtaani; ikivimba au kutoa harufu, itolewe nje ya nyumba mara moja. Huko Kigali na Nairobi zipo kampuni ambazo dereva hubadilishana nazo betri iliyokwisha kwa iliyojaa, hivyo mzigo huu wa matunzo hubaki kwa kampuni. Kwa anayemiliki betri yake mwenyewe, mzigo ni wake.

Kuhusu sehemu nyingine, somo ni fupi. Upepo wa tairi upimwe kila wiki. Breki shuu zikaguliwe mara kwa mara kwa wanaoteremka kutoka milima ya Ukaguru, kwa kuwa vyombo vingi vya umeme havina ule mvuto wa injini unaosaidia kupunguza mwendo. Vichwa vya betri visafishwe, vikazwe na kupakwa grisi. Waya unaochemka baada ya safari ni waya uliolegea. Kabla ya kugusa chochote, zima swichi kuu na vua saa na pete ya chuma. Usikioshe chombo kwa maji ya mashine, na masika yanapofurisha njia, usikipitishe kwenye maji yaliyofika katikati ya gurudumu.

Uchajiji ufanyike mahali penye hewa, mbali na jiko na chumba cha kulala, kwani betri za risasi hutoa gesi inayolipuka. Tumia chaja ya chombo chenyewe. Tindikali ikimrukia mtu, aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha apelekwe kituo cha afya.

Limebaki suala la betri iliyokufa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2014. Risasi ilikutwa katika damu ya watoto wa mtaa huo, na wakazi wakalazimika kudai haki mahakamani kwa miaka mingi. Risasi huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kwa hiyo betri isivunjwe uani ili kuyeyusha vyuma vya nyavu, na maji yake yasimwagwe mtaroni. Iwekwe wima, mahali pakavu pasipofikiwa na watoto, hadi apatikane mnunuzi mwenye kibali cha kukusanya taka hatarishi. Kabla ya kumkabidhi mtu anayepita na mkokoteni, muulize kibali hicho; asipokuwa nacho, fika ofisi ya mtendaji wa kata yako uelekezwe kwa afisa mazingira.