SOMO: TUTENGENEZE SPIKA KWA MIKONO YETU



Mtume Paulo, katika 1 Wakorintho 14, anazungumzia tarumbeta yenye sauti isiyoeleweka. Sharika zetu kadhaa, kuanzia Kahama hadi Geita na Katoro, zinayo: spika iliyoungua, imewekwa pembeni ikisubiri mfadhili. Nasi tuliwahi kuombea usharika mmoja spika mpya, zikapatikana, na Pasaka moja tu ikatosha kuziunguza. Kosa lilikuwa letu. Tulinunua vifaa, hatukufundisha mtu.

Ndipo tukaanza kujitengenezea spika jioni, pamoja na vijana wachache ambao mchana hushinda kwenye maduara ya dhahabu. Wapo wazee wanaouita mchezo, na hatubishani nao.

Ndani ya spika mna sumaku, na katika mwanya wake mwembamba inaning'inia koili ya waya wa shaba iliyogundishwa kwenye koni ya karatasi. Umeme wa amplifaya ukipita, koili husukumwa mbele na nyuma, na koni husukuma hewa. Rice na Kellogg wa General Electric, Marekani, walieleza muundo huu mwaka 1925, na spika nyingi za leo haziko mbali nao. Maikrofoni nayo yaweza kuundwa kwa sumaku na koili: huko Kinshasa, Mawangu Mingiedi wa bendi ya Konono No. 1 alitumia sumaku za vipuri vya magari makuukuu ili marimba zake za mkono zisikike mbali.

Sisi huanza na spika iliyoungua, maana sumaku yake huwa bado nzima. Usiitenganishe, kuirudisha katikati bila vifaa ni kazi ngumu, tena huvunjika upesi. Ukishakata koni ya zamani, ziba mwanya mara moja kwa selotepu. Huku kwetu vumbi la karasha lina chembe za chuma, na chembe moja ikinasa humo itakwaruza koili siku zote.

Waya tunaupata kwa mafundi wanaosuka mota za pampu za migodini. Vipande vipya vinavyobaki vinatutosha. Kipenyo cha koili hufuata nguzo ya sumaku uliyonayo. Kwa koili ya milimita 25 na waya wa unene wa milimita 0.2, mizunguko kama 146 katika tabaka 2 huchukua mita 11 na nusu hivi. Ukipima kwa mita ya fundi utapata omu 6 na kidogo, na hiyo ndiyo spika inayoandikwa omu 8. Mita hupima kwa umeme wa betri, bali sauti ni umeme unaogeukageuka. Hapa kila kijana hushangaa.

Kuiweka koili katikati ndiko kunakotushinda wengi. Tunazungushia nguzo vipande vya filamu za zamani za eksirei, tunashusha koili, tunagundisha, na kuvichomoa kesho yake. Anayeharakisha hurudia kazi yote.

Spika yetu ya kwanza ilikwaruza. Ya pili inaimba vizuri kwa sauti ya chini, ila haifai kwa mkutano wa Injili. Hata hivyo, kijana aliyehesabu mizunguko kwa jioni 3 haongezi sauti hadi mwisho. Anajua kwamba amplifaya ikizidiwa hukoroma, na joto huunguza koili. Anajua pia kwamba spika 2 za omu 8 zikiungwa sambamba huwa omu 4, mzigo usiobebwa na kila amplifaya. Zile za Pasaka ziliungua kwa kukoroma saa nzima, nasi tukishangilia.

Kwa hiyo ombi letu la robo hii halina spika mpya. Tunaomba mita 2 za fundi, gundi na risasi ya kuungia nyaya. Nanyi wanakamati, spika zilizoungua msiwauzie wanunuzi wa vyuma chakavu. Zifungeni kwa gazeti, mzilete kwenye kikao kijacho.