Karani na Afisa Tawala

Vijana wengi wa hapa Gudele, wakiulizwa watafanya kazi gani baada ya shule, hujibu, "Ofisini." Jibu hilo halitoshi, maana ofisini mna kazi mbili zisizofanana.

Tuchukue mfano. Watu wawili wanagombea kiwanja kimoja, na mmoja wao ameleta barua. Karani huipokea, huipiga muhuri wa tarehe, huiandika katika daftari la barua zinazoingia, kisha hulitafuta faili la kiwanja kile na kuitia humo. Akiona namba ile ile imeandikwa katika mafaili mawili, ni wajibu wake kuyapeleka yote mawili pamoja. Lakini hana ruhusa ya kusema kiwanja ni cha nani. Hiyo ni kazi ya afisa mwenye madaraka: yeye huwaita wenye shauri, huwasikiliza, hutazama sheria, hukata neno na kutia sahihi. Uamuzi ukiwa mbaya, yeye ndiye wa kuulizwa. Karani huulizwa karatasi ikipotea. (Na mtu akikuambia kazi ya karani ni ndogo, mwambie aamue shauri ambalo faili lake halionekani!)

Tofauti hii ilipata kuleta msiba katika nchi yetu. Wakati wa utawala wa Waingereza na Wamisri, wasomi wa Kusini walikuwa wachache. Shule ya sekondari ya Rumbek haikufunguliwa mpaka mwaka 1948. Wale walioingia ofisini, wengi wao walikuwa makarani. Kukata shauri kulibaki kwa D.C. na mamuri. Basi, baada ya mapatano ya 1953, iliundwa kamati ya kuwapa Wasudani nafasi za wageni. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1954, katika nafasi kama 800, watu wa Kusini walipata 6 tu: wanne wasaidizi wa D.C. na wawili mamuri. Sababu iliyotolewa ilikuwa cheo, uzoefu na elimu. Lakini karani aliyeandika barua za D.C. miaka kumi angeupata wapi uzoefu wa kukata mashauri, ikiwa hakuachiwa kukata hata moja? Uchungu wa nafasi zile ulikuwa mojawapo ya mambo yaliyowasha maasi ya askari wa Torit, tarehe 18 Agosti 1955.