Dondoo muhimu: Msimu wa korosho, msimu wa matapeli

Minada ya korosho ikifunguliwa Masasi na Newala, kwa kawaida Oktoba, fedha za mkulima hupitia benki na simu. Tapeli anayezivizia hahitaji kujua kompyuta. Namba ya siri inamtosha.

Namba hiyo basi isitajwe kwa yeyote, hata anayejiita "huduma kwa wateja", wala isiwe mwaka wa kuzaliwa. Ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" usijibiwe. Upelekwe 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ya kuripoti utapeli.

Anayepiga *106# huona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha taifa (NIDA). Akikuta asiyoijua, aende kwa kampuni ya simu ikafungwe. Laini za ziada mara nyingi huzaliwa kwa wakala wa usajili anayedai mashine imegoma na kuomba alama ya kidole tena na tena, naye mteja, kwa uungwana wake, anakubali!

Nayo ofisi ya chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, ikiwa na Wi-Fi, ibadilishe nywila iliyokuja na ruta.

Aliyekwisha kuibiwa asifute ujumbe. Ni ushahidi kwa polisi, chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.