Dondoo muhimu: Mapango, magofu na vyumba vya siri katika mchezo wa njozi

Pango la asili ndiyo aina ya mahali yenye mengi ya kumfaa mtunzi wa mchezo ambao wachezaji huvaa uhusika wa mashujaa na kuingia gizani. Mapango ya Amboni, kilomita 8 hivi kaskazini mwa jiji la Tanga, yalichimbwa na maji ndani ya mawe ya chokaa. Njia hupanuka ghafla ikawa ukumbi, kisha hubana hadi mtu ainame au atambae. Popo wananing'inia juu, na chini panateleza. Penye mzimu watu huacha sadaka. Mahali hapo paingiwe kwa adabu hata mchezoni, na mhusika atakayegusa sadaka alipe gharama. Husimuliwa kwamba njia hizo hufika hadi Mombasa. Uvumi huo ni mali, ila ramani ya mchezo hunoga zaidi kwa njia fupi zenye kona nyingi.

Aina ya pili ni magofu. Yale ya Tongoni, kusini mwa jiji la Tanga, yana makaburi ya nguzo na msikiti uliobomoka. Hapa hakuna dari, hivyo hatari itokane na vichaka, usiku na maji kujaa.

Chumba cha watumwa cha Mangapwani, Unguja, hutajwa kuwa kilitumika kwa siri baada ya biashara ya watumwa kupigwa marufuku mwaka 1873. Chumba cha aina hii kisijazwe majoka wala dhahabu, kwani waliofungiwa humo walikuwa watu halisi. Kinachostahili kuwekwa ni wafungwa wa kukombolewa na njia ya kutorokea.