WIMBO UKIKUGANDA KICHWANI: CHANZO NA DAWA YAKE

Leo nimeshika kalamu nikueleze jambo ambalo halimo katika silabasi, lakini lilinionyesha cha mtema kuni katika mtihani wa muhula wa pili. Nalo ni wimbo kukuganda kichwani.

Yaliyonifika ni haya. Siku moja kabla ya mtihani wa Hisabati nilipita sokoni hapa Wamagana nikielekea nyumbani. Karibu na steji ya matatu palikuwa na gari lenye vipaza sauti, likipiga wimbo wa kutangaza sabuni. Ulikuwa mstari mmoja tu, tena na tena. Nilisimama hapo kama dakika tano nikimnunulia mama vitunguu. Basi! Nilikamua ng'ombe na wimbo huo, nikala githeri nao, nikafungua kitabu cha Hisabati nao. Saa tano usiku nilikuwa bado macho, fomula zote zikinuka sabuni.

Asubuhi nilimweleza jirani yangu wa dawati shida yangu. Akaniuliza, "Kwani ni wimbo upi huo?" Nami bila kufikiri nikamwimbia. Ajabu ni kwamba mimi nilipona papo hapo! Lakini katikati ya mtihani nilimtupia jicho mwenzangu nikamwona ameshika kichwa, kalamu imelala. Mimi nilipata alama zangu za kawaida. Yeye, ambaye hunishinda kila mara, alianguka. Alikaa wiki nzima bila kunisemesha. Niliona kuwa kumwomba msamaha tu hakutoshi, afadhali nimpelekee na dawa. Mwalimu mmoja akanisaidia kutafuta habari, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, sisi si wa kwanza. Wajerumani wana neno lao la wimbo wa namna hii, na maana yake ni mdudu wa sikioni. Mwaka wa 1876 mwandishi wa Marekani, Mark Twain, alitoa hadithi fupi kuhusu mtu aliyesoma gazetini vina vya kondakta anayetoboa tiketi za abiria (makanga wa siku hizo!). Vina hivyo vikamganda hata asiweze kula wala kuandika. Alipona alipomsomea rafiki yake kasisi, na kasisi naye akashikwa. Niliposoma hapo nilitahayari. Nilikuwa nimemfanyia mwenzangu yaleyale.

KWA NINI WIMBO HUGANDA?

Mwaka wa 1974 wataalamu wawili wa Uingereza, Alan Baddeley na Graham Hitch, walieleza jinsi akili inavyoshikilia mambo kwa muda mfupi. Sehemu moja ya akili huhifadhi sauti. Sauti hiyo hufifia baada ya sekunde mbili hivi, isipokuwa tukiirudia kimoyomoyo, kama mtu anayekariri namba ya simu akitafuta pa kuiandika. Wengi hudhani kwamba humo ndimo wimbo unamozunguka, kwa maana mara nyingi kinachoganda ni kipande kifupi tu.

Je, ni nyimbo zipi hasa? Mwaka wa 2016 Kelly Jakubowski na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi uliohusu watu 3,000. Waligundua kwamba nyimbo zinazoganda huwa na mwendo wa kasi na sauti iliyo rahisi kuifuata, lakini yenye mruko fulani usio wa kawaida. Watunzi wa matangazo wanaijua siri hiyo. Nao washairi wetu waliijua zamani! Kibwagizo, vina na mizani ni vya nini kama si kuganda? Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka wa 1858, una mizani minane katika kila kipande. Mama yule alitaka wosia wake usimtoke bintiye kichwani, na hadi leo haujatutoka.

DAWA

1. Usipigane nao. Mwaka wa 1987 Daniel Wegner wa Marekani aliwaambia wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe, na kila akiwajia wagonge kengele. Kengele zililia! Ukijiambia "nisiuwaze, nisiuwaze," tayari unauwaza. Mimi ndilo kosa nililofanya usiku ule.

2. Umalize. Kipande kisicho na mwisho hurudi mwanzo, kama mbwa anayefukuza mkia wake. Tafuta wimbo wenyewe uusikilize hadi mwisho, au uimbe beti zote. Kama huna mwisho wake, utungie wako.

3. Ipe akili kazi ya kadiri. Ira Hyman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Western Washington walichunguza jambo hili mwaka wa 2013 kwa kutumia mafumbo ya maneno na ya namba. Kazi ilipokuwa rahisi mno nyimbo zilirudi, na ilipokuwa ngumu kupita kiasi zilirudi pia, kwa sababu akili ilitangatanga. Kwa hivyo katika mtihani, wimbo ukija ukiwa umekwama kwenye swali gumu, liache kwanza. Fanya lile unaloliweza kwa jasho kidogo, kisha urudi.

4. Ushughulishe mdomo. Philip Beaman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, waligundua mwaka wa 2015 kwamba kutafuna chingamu hupunguza wimbo kichwani, kwani mdomo unaotafuna haupati nafasi ya kuimba kimyakimya. Jamani, msiende kumwambia mwalimu wa zamu kwamba mimi ndiye niliyewatuma! Mimi hutafuna njugu wakati wa mapumziko, na zimenisaidia.

5. Usimwambukize mwenzako, hasa asubuhi ya mtihani. Hii haikutoka kwa mtaalamu yeyote. Imetoka kwangu.

Nilipoyakusanya haya yote nilimwendea jirani yangu. Alinisikiliza, akanuna kidogo, kisha akasema, "Sasa kama huo wimbo hautoki, si tuupe kazi?" Naam! Tukatoa maneno ya sabuni, tukatia ngeli za Kiswahili, tangu A-WA hadi MU. Tuliimba njiani tukienda nyumbani hata watu wa steji wakatucheka. Lilipokuja zoezi la ngeli, sote wawili hatukukosa hata moja, naye akanishinda kwa insha kama kawaida yake. Sijawahi kufurahia kushindwa kama siku hiyo.

Kwa hivyo, msomaji, wimbo ukikuganda usikate tamaa wala usimtupie mwenzako. Umalize, au uufanye mtumishi wako. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mimi nilimponza wangu wakati wa dhiki, lakini yeye ndiye aliyenifaa.

Kalamu yangu inaishiwa wino. Nawatakia masomo mema na vichwa vitulivu.