Somo la Kikundi: Kurudisha Pesa Ulizolipwa Zaidi na Kutunza Risiti



Ndugu wanakikundi, somo letu la leo linahusu pesa ambazo si zetu lakini zimefika mikononi mwetu. Mtu mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize. Mkifika kwenye swali, simameni mjadiliane kwanza kabla ya kuendelea. Tengeni saa moja na nusu. Katibu awe na daftari na kalamu.

KISA CHA MAMA MMOJA

Katika parokia ninayohudumu kuna mama mjane aliyekuwa akimtunza mama mkwe wake. Nyanya huyo alikuwa katika mpango wa Inua Jamii, akipata shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwake pesa zilikuja za miezi miwili pamoja, yaani 4,000. Kwa kuwa miguu ya nyanya ilikuwa imeisha nguvu, mjane ndiye aliyeandikishwa kama mlezi, na ndiye aliyeenda kuzichukua kwa wakala wa benki.

Nyanya alifariki mwisho wa mwezi wa pili. Mazishi yakafanyika, watu wakarudi makwao. Hakuna aliyekumbuka kupeleka habari kwa ofisi ya maendeleo ya jamii. Pesa zikaendelea kuja. Mwezi wa tatu 4,000, mwezi wa tano 4,000, mwezi wa saba tena 4,000. Jumla 12,000. Mama alifikiri serikali imemsaidia kwa sababu ya msiba. Akamaliza deni la jeneza na kulipa karo ya mtoto.

Mwezi wa tisa, jioni, akaja mtu kwa pikipiki akiwa na faili mkononi. "Mama, umekula pesa ya marehemu. Toa elfu kumi na mbili leo, ama kesho uko ndani." Mama akatetemeka. Akauza mbuzi wake wawili, zilizobaki akakopa kwa jirani, akamhesabia yule mtu. Alipouliza risiti akaambiwa, "Nitakuletea." Mpaka leo haijaletwa.

Miezi minne baadaye ikaja barua ya kweli kutoka ofisini, yenye muhuri. Anadaiwa 12,000. Mama akaenda akalia, akaeleza kwamba alishalipa. Karani alimwuliza swali moja tu: "Karatasi iko wapi, mama?"

Swali la kwanza: Mama huyu alikosea wapi? Ni nani mwingine aliyekosea? (Dakika kumi.)

TUTAFAKARI

Mama huyu si mwizi. Hata hivyo, pesa zile hazikuwa zake. Mlezi hupokea kwa niaba ya mwenye jina, na mwenye jina akifariki, kazi hiyo imekwisha. Tena kuna mzee mwingine kijijini anayengojea kuandikishwa. Kurudisha ni haki. Na mtu akijua wazi kwamba pesa si zake, akaficha na kuendelea kuchukua, anaweza kupelekwa mahakamani.

Kulipwa zaidi kunaweza kumpata mtu yeyote. Jina huandikwa mara mbili. Karani hukosea tarakimu. Pensheni huendelea kuingia baada ya mwenyewe kuzikwa. Hata katika kikundi chetu, mweka hazina anaweza kumlipa mwanachama mara mbili kwa zamu moja. Dawa ya hayo yote ni moja, na ndiyo neno kubwa la somo hili: DENI HALIISHI PESA ZIKITOKA MKONONI. LINAISHA KARATASI IKISEMA LIMEISHA.

HATUA YA 1: TOA HABARI MAPEMA

Mnufaika akifariki au akihama, mlezi asingoje kuulizwa. Aende kwa naibu wa chifu na kwa ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo, akiwa na nakala ya kibali cha mazishi au cheti cha kifo. Aandike kwenye daftari tarehe aliyokwenda na jina la afisa aliyempokea. Aombe nakala yake igongwe muhuri wa "imepokelewa". Pesa zikija tena, asiziguse, arudi ofisini aseme. Nauli ya siku moja ni nafuu kuliko kuuza mbuzi.

HATUA YA 2: DAI LIWE KWA MAANDISHI

Mtu akija kukudai pesa za serikali, mjibu kwa heshima: "Sikatai kulipa, lakini naomba barua." Hii si ukaidi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 47, inampa mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa ofisi unapogusa haki zake. Barua iwe na mambo haya:

– jina la ofisi, sahihi na muhuri;
– jina la mnufaika na la mlezi;
– pesa zinazodaiwa ni za miezi gani na ni kiasi gani;
– zilipwe wapi na kwa njia gani.

Ukipata barua, iende nayo ofisini mwenyewe ukaulize kama ni yao. Usipige ile namba iliyoandikwa kwenye ujumbe wa simu usioujua, maana atakayepokea ni yule yule aliyeutuma. Na ukiitwa, usiende peke yako. Chukua mwanakikundi mmoja awe shahidi.

HATUA YA 3: PIGA HESABU MWENYEWE

Usikubali jumla kabla ya kuihesabu. Angalia pesa zilikuwa za miezi gani, si siku zilipoingia tu. Yule mama tulikaa naye chini ya mwembe na daftari:

Zilizoingia mwezi wa 3 (za mwezi wa 1 na wa 2): 4,000
Zilizoingia mwezi wa 5 (za mwezi wa 3 na wa 4): 4,000
Zilizoingia mwezi wa 7 (za mwezi wa 5 na wa 6): 4,000

Nyanya alikuwa hai mwezi wa kwanza na wa pili. Zile 4,000 za kwanza zilikuwa haki yake, ila zilichelewa kufika. Tuliandika hivyo, tukaambatanisha nakala ya cheti cha kifo. Ofisi ilipoangalia faili yake ikakubali: deni si 12,000, ni 8,000. Kalamu peke yake ilimwokolea mama shilingi elfu nne.

HATUA YA 4: OMBA KULIPA POLE POLE

Maskini hawezi kutoa yote kwa siku moja, na asione haya kusema hivyo. Afadhali kuahidi kidogo na kutimiza, kuliko kuahidi kikubwa na kujificha. Mnaweza kutumia mfano huu wa barua. Andikeni nakala mbili, moja ibaki ofisini, nyingine igongwe muhuri urudi nayo nyumbani.

"Kwa Afisa wa Maendeleo ya Jamii. Nimepokea barua yako ya tarehe ____ kuhusu pesa zilizolipwa zaidi kwa jina la marehemu ____, namba ya kitambulisho ____. Nakubali kurudisha shilingi ____. Kwa kuwa sina uwezo wa kulipa zote mara moja, naomba kulipa shilingi ____ kila mwezi kuanzia mwezi wa ____. Naomba unijibu kwa maandishi na unionyeshe akaunti ya kulipia. Wako, ____ (sahihi au kidole). Shahidi: ____."

Mama yetu aliomba kulipa 1,000 kwa mwezi kwa miezi minane. Alikubaliwa.

HATUA YA 5: LIPA MAHALI PANAPOFAA

– Usimpe mtu pesa mkononi, awe afisa, mzee wa kijiji, au hata katekista.
– Usitume kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Pesa za serikali hulipwa kwa akaunti ya serikali.
– Ukilipa benki, soma jina la akaunti kwenye slipu kabla ya kuondoka dirishani. Hakikisha lalingana na barua.
– Ukilipa kwa simu, soma polepole jina la anayelipwa na kiasi kabla ya kukamilisha. Kama macho yamechoka, msomewe na mtoto wako, si na mtu uliyekutana naye dukani.
– Namba yako ya siri usimwambie yeyote. Anayekulipisha deni hana haja nayo.

Jihadharini pia na ule ujumbe unaosema, "Nimekutumia pesa kimakosa, tafadhali rudisha." Angalia kwanza salio lako kama kweli zimeingia. Kama zimeingia, usizitumie, na wala usizirudishe kwa namba nyingine unayopewa. Mwambie aliyetuma awaendee wenye huduma. Kwa M-Pesa, yeye mwenyewe hupeleka ule ujumbe wa malipo kwa namba 456 ili wazirudishe. Ujumbe wa ulaghai wateja wa Safaricom huupeleka kwa 333.

HATUA YA 6: RISITI NDIYO SHAHIDI

Katika Kitabu cha Tobiti tunasoma kwamba mzee Tobiti aliweka talanta kumi za fedha kwa Gabaeli, kule Rage katika nchi ya Umedi. Waliandikiana hati, wakaigawa, kila mmoja akachukua sehemu yake. Miaka mingi ikapita, Tobiti akawa kipofu na maskini. Lakini hati ilikuwapo. Malaika Rafaeli alipokwenda nayo, Gabaeli alitoa mifuko ikiwa na mihuri yake. Wote wawili walikuwa watu wa Mungu na waliaminiana, na bado waliandikiana. Basi asikudanganye mtu kwamba kuomba risiti ni kukosa imani.

Slipu ya benki yaonyesha kwamba pesa ziliingia benki. Bado uipeleke ofisini upewe risiti rasmi ya serikali, yenye namba yake. Isome hapo hapo: jina, tarehe, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, pesa ni za nini, sahihi na muhuri. Kama kuna kosa, lirekebishwe kabla hujatoka mlangoni. Ukifika nyumbani, andika kwenye daftari:

Tarehe / Nimelipa / Namba ya risiti / Deni lililobaki
Mwezi wa 1 / 1,000 / ____ / 7,000
Mwezi wa 2 / 1,000 / ____ / 6,000

Na kuendelea hivyo hadi sufuri. Siku ya sufuri omba barua ya mwisho, inayosema kwamba deni limelipwa lote na hudaiwi tena. Wengi husahau barua hiyo kwa furaha ya kumaliza.

KUTUNZA KARATASI

Nabii Yeremia aliponunua shamba kule Anathothi kwa shekeli kumi na saba za fedha, hati zilitiwa sahihi mbele ya mashahidi, kisha akaagiza ziwekwe katika chombo cha udongo zipate kudumu (Yer. 32). Sisi tuna mkebe wa bati wenye kifuniko. Weka karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, kisha ndani ya mkebe, mbali na mchwa, panya, moshi na paa linalovuja.

Kumbukeni: zile risiti laini za mashine, za wakala na za benki, hufifia maandishi yakaisha kabisa, hasa zikikaa kwenye joto. Zitolewe fotokopi wiki hiyo hiyo. Ujumbe wa simu nao unakiliwe kwenye daftari pamoja na ile namba ya malipo, tarehe na saa, maana simu huibiwa na huanguka majini. Nakala moja akae nayo katibu wa kikundi au ndugu anayeaminika. Na ofisi ikikuomba risiti, mpe nakala, wewe baki na ile halisi.

MWISHO WA KISA

Zile 12,000 alizopewa mtu wa pikipiki hazikurudi. Mama alipiga ripoti polisi, akapewa namba ya OB, na hiyo pia akaiweka kwenye mkebe. Mkiona afisa anajilipa pesa za watu, mnaweza kuripoti kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, namba 1551, bila malipo.

Deni la 8,000 alilimaliza. Baada ya miaka miwili akaja afisa mpya, akakuta faili ya zamani isiyokamilika, akamwita mama alipe. Mama hakulia safari hii. Alifungua mkebe wake juu ya meza: risiti nane na barua ya mwisho. Afisa alizisoma moja moja, akafunga faili, akasema, "Samahani, mama. Nenda nyumbani."

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Nani kati yetu ni mlezi wa mtu anayepokea pesa za serikali? Mtu huyo akifariki leo, utamwambia nani kesho?
2. Kwa nini tunaona haya kuomba risiti kwa mtu mkubwa au kwa rafiki?
3. Katika kikundi chetu, kila anayetoa pesa hupewa nini mkononi?

KAZI YA KIKUNDI KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mwanachama atafute mkebe mmoja na daftari moja. Achagueni watu wawili wanaojua kusoma vizuri, wawe wa kuwasindikiza wazee na wajane ofisini. Mweka hazina alete kitabu cha risiti cha kikundi, tukikague sote.

Sala: Ee Mungu wa haki, utusaidie kurudisha kisicho chetu na kukilinda kilicho chetu. Amina.