Basari kwa Mwanafunzi Mwenye Kisukari

Fomu ya basari ya NG-CDF ina swali ambalo ni rahisi kuliruka: je, mwombaji anaugua ugonjwa wa kudumu? Kwa kijana anayeishi na kisukari, hilo ndilo swali la kujibiwa kwa makini kuliko yote.

Mwenye kisukari cha aina ya kwanza hana hiari. Kongosho lake halitengenezi insulini, kwa hivyo hujidunga kila siku na kupima sukari mara kadhaa. Kila kipimo humaliza kijiti kimoja. Akipima mara 4 kwa siku, anahitaji vijiti 120 kwa mwezi. Hapo karo haijaguswa.

Pesa za basari hulipwa moja kwa moja kwa chuo, hivyo haziwezi kununua dawa. Mkopo wa HELB, ambao lazima ulipwe baadaye, una mafungu mawili: ya karo hupelekwa chuoni, ya kujikimu humfikia mwanafunzi. Basari ikipunguza karo, familia haitalazimika kuziba pengo la ada kwa pesa za vijiti. Pengo hilo likibaki, wapo wanaoanza kuruka dozi ili insulini ifike mwisho wa mwezi. Hiyo ni hatari kubwa: asidi hujaa katika damu, na mgonjwa anaweza kuzirai na hata kufa.

Kuandika "mgonjwa" pekee hakuisaidii kamati. Maelezo mazuri ni kama haya: "Nina kisukari cha aina ya kwanza. Najidunga insulini kila siku na kupima sukari mara 4. Mama anauza mboga sokoni na ndiye anayenilipia karo na dawa." Gharama ya mwezi itajwe, na risiti ziambatishwe zikiwepo. Chifu huthibitisha hali ya familia. Ugonjwa huthibitishwa na kliniki, kwa barua yenye tarehe, muhuri na aina ya matibabu. Barua hiyo iombwe siku ya kliniki, kabla fomu hazijatoka, maana muda wa kuzirudisha huwa mfupi.

Aliyepoteza uwezo wa kuona au mguu kwa sababu ya kisukari anaweza pia kuomba kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, kisha aulizie msaada wa masomo huko.

Nakala za fomu na barua zihifadhiwe. Kupata basari mwaka huu hakumwondolei mwanafunzi kazi ya kuomba tena mwaka ujao.